Siku Mawingu Alipotaka Kuchora Ardhi

Wifi yangu anaitwa Mawingu. Wazazi wake walimpa jina jingine, zuri tu, lakini siku hizi hakuna anayelikumbuka, labda mama yake. Sisi tunamwita Mawingu kwa sababu ndiyo kazi yake. Anaingia asubuhi anachora mawingu, anakula, anarudi kuchora mawingu, jioni ananawa mikono kwa tapentaini anakwenda kupika. Alianza mtoto wake wa kwanza akiwa hajaota meno, na mtoto huyo sasa ananyoa ndevu.

Ngoja niwaeleze, maana watu wakiingia dukani kwetu huwa hawaelewi. Mbele ni duka: picha zimetundikwa ukuta mzima, mandhari za mashambani, zile zinazonunuliwa na mahoteli na watu wanaohamia nyumba mpya. Nyuma ya pazia ndiyo karakana, na karakana yenyewe ni meza moja ndefu ya watu watatu. Kulia kabisa anakaa Mawingu. Anapokea kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu, anachora anga, kisha anaisukuma kushoto bila hata kugeuza shingo. Kushoto kwake yupo mumewe, kaka yangu wa tumbo moja, anayeitwa Vilima. Huyo anachora vilima vitatu, cha katikati kirefu, na njia nyeupe iliyonyooka mpaka chini yake. Anasukuma kushoto. Wa tatu anaitwa Miti, na msiniulize anachora nini. Picha ikikauka, kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye Bosi, anatoka ofisini na brashi nyembamba, anaandika jina lake pembeni. Basi! Wateja wanamwona fundi wa mafundi. Yeye hajachora hata kuku tangu azaliwe.

Mimi nawamba kanvasi na kupigilia misumari, kwa hiyo wananiita Misumari. Wenye chuki wanasema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Waseme.

Sasa, huyu kaka yangu Vilima ni mume mwema. Nalisema mapema msije mkadhani namsingizia. Hanywi, hapigi, hana mambo ya nje. Mkewe akila samaki, yeye ndiye anayemtolea miba. Mkewe akianza kusema, yeye ndiye anayemalizia. Majirani wananiambia, "Misumari, kaka yako huyo angekuwa na pacha, tungegombana!" Nami nanyamaza, jambo ambalo hunitokea kwa nadra. Nimekaa nao karakana moja. Nimemwona wifi yangu akifungua mdomo aseme kitu, kisha akasubiri asikie ni kitu gani.

Basi, mwaka jana shule ya ufundi ya wasichana, iliyoko mji wa jirani, ikatangaza kwamba inatafuta mwalimu wa kuchora. Hawakutaka cheti. Walitaka jambo moja tu: mwenye nia aje mashambani siku waliyoitaja, apewe kanvasi moja yenye mhuri wa shule kwa nyuma, achore kilicho mbele yake, mwenyewe, tangu juu hadi chini, kabla jua halijashuka. Atakayewapendeza anapewa darasa. Mtu angeweza kwenda kufundisha na basi asubuhi na kurudi jioni akalala kwake.

Mawingu alinivuta uani, kwenye kamba ya nguo, kuniambia.

"Wifi, nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Kuchora. Picha nzima." Alikuwa ameshika shuka lililolowa, anaminya mpaka maji yanamchuruzika kwenye viwiko. "Nimechoka, wifi. Nachora juu tu. Miaka yote nachora juu ya kitu nisichokijua. Nikiona picha yetu ukutani kwa watu siwezi hata kusema ni yangu. Nikiikosa nafasi hii nitazikwa nikiitwa Mawingu."

Nilitaka kucheka, lakini macho yake yalinizuia. "Na chini umeshawahi kuchora?"

"Sijawahi. Nikijaribu nyumbani anakuja. 'Hebu nikuonyeshe, mke wangu.' Ananichukulia brashi mkononi, taratibu tu, wala hagombi. Kwa hiyo nimeacha kujaribu. Nitachorea huko huko."

Bosi alipoombwa ruhusa alicheka mpaka akakohoa. "Nenda shemeji, ukapunge upepo. Meza haikimbii." Akatupa hata nafasi kwenye pikapu, kwa kuwa alikuwa akienda upande huo kutazama mbao. Mimi nikajipachika kama mbeba mizigo. Na Vilima? Eti hawezi kumwacha mkewe aende porini peke yake.

"Nakwenda kumsindikiza tu," akasema.

"Na hizo brashi ulizobeba?"

"Za akiba."

Akiba ya nini, mtu anasindikiza!

Tulipofika, nilidhani tumekosea njia. Nilitegemea mandhari, zile za dukani. Tukakuta mteremko wa shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa, mabua makavu yamelala ovyo, kibanda cha bati kilichoegemea upande, na uzio wa miti uliokatika mahali pawili. Kilima kilikuwapo, lakini kimoja tu, tena kifupi, wachimba kokoto wamekimega ubavu. Katikati ya vyote hivyo ilishuka njia ya miguu ya udongo mwekundu, ikafika kwenye jiwe kubwa, ikapinda ghafla, haikuonekana tena.

Wachoraji wengine walikwisha fika, wametawanyika huku na huku na vigoda vyao. Mwalimu wa shule hiyo, mama mrefu aliyevaa kofia ya majani, alitugawia kanvasi akatuambia neno moja: "Chora kilichopo hapa. Picha za kalenda ninazo nyingi ofisini." Kisha akaenda zake kuketi kivulini.

Mawingu alisimamisha stendi yake ya kuchorea, akasimama akinyoosha shingo huku na huku kama mtu anayetafuta ndugu yake stendi ya basi. Mwishowe akanigusa mkono.

"Wifi, unaiona njia pale inapopinda? Inakwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kwa mwenye shamba."

"Hata mimi sijui." Akacheka, kicheko cha msichana, sijui alikuwa amekificha wapi miaka yote. "Nitaanzia pale. Nikimaliza anga tu, naanzia pale kwenye jiwe."

Akaanza. Nimeona mikono mingi ikichora, lakini siku ile hata mimi niliacha kuongea. Hakuchora lile anga la dukani lenye waridi na dhahabu. Alichora anga la siku ile ile, jeupe chafu, lenye joto, zito kwa chini na wazi kidogo upande wa kibanda. Ukilitazama unatamani kujifuta jasho. Naye Vilima aliketi juu ya ndoo, kushoto kwake, kama alivyozoea. Jua lilipopanda akafungua mwavuli akamshikia. Jamani! Mtu anachora anga, unamfunika na mwavuli!

"Sioni," Mawingu akasema kwa upole.

"Utaumwa kichwa, mke wangu," akajibu, akausogeza kiasi cha kidole.

Anga lilikwisha mchana ukiwa umekolea. Rangi ilikuwa bado mbichi, na Mawingu alitaka ikamate kidogo kabla hajashuka chini. Akaiondoa kanvasi kwenye stendi, akaiegemeza kwenye kisiki. Kisha akaniambia twende vichakani, maana tangu asubuhi hatujajisaidia, na haja haina adabu. Tulikwenda mbali kidogo kwa sababu kila kichaka kilikuwa na mchoraji nyuma yake. Tukapitia kwenye kijito tukanawa uso. Akanionyesha udongo wa ukingoni, akaupaka kidoleni, akasema anajua atakavyouchanganya: nyekundu kidogo, kahawia, na tone la ile buluu yake ili usiwe mkavu. Alikuwa anaongea bila kukatizwa, na mimi nilimwacha aongee, nikifurahi kama aliyepata ni mimi.

Kisiki kile kilikuwa upande wa kushoto.

Mawingu alipoiegemeza hapo hakufikiri. Mkono ulifanya ulichozoea: anga likiisha, kanvasi inakwenda kushoto. Na Vilima naye hakufikiri. Kanvasi yenye anga bichi imemjia kutoka kulia kwake, amepewa, amepokea. Tuliporudi tulimkuta ameiweka magotini, brashi zake za akiba zimelowa, anafuta vidole. Vilima vitatu, cha katikati kirefu. Na njia nyeupe imenyooka mpaka chini yake.

"Nimekusogezea kazi," akasema, uso wote unang'aa. "Sasa wewe malizia tu vichaka."

"Wewe kaka una akili kweli? Nani kakutuma?"

"Kanitumaje? Si kanipa mwenyewe!" Akamgeukia mkewe. "Si umeniwekea hapa?"

Mawingu alikitazama kisiki. Akaitazama kanvasi. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua. Laiti angepiga kelele! Ningemsaidia, kelele ninazo. Yeye akasema tu, "Ndiyo. Nimekuwekea."

Hapo hapo Mwalimu akawa anakuja, katika mzunguko wake wa kukagua. Akainama juu ya picha, akaiinua, akaitazama, akatazama shamba.

"Anga hili," akasema taratibu, "sijaona mtu aliyechora anga namna hii. Lakini vilima hivi vitatu viko wapi?"

Kaka yangu, kwa moyo mweupe kabisa, akajibu: "Viwili viko nyuma ya kile, Mwalimu. Havionekani."

Mchoraji mmoja aliyekuwa karibu alicheka mpaka akadondosha brashi. Mwalimu hakucheka. Alimtazama Mawingu. Wifi yangu angeweza kusema lolote. Angeweza kusema amevitoa kichwani, watu wengi wangemwamini. Vilima akawahi: "Amechora mwenyewe, mimi nilikuwa namwangalia tu."

"Hapana," Mawingu akasema. "Anga ni langu. Chini ni pa mume wangu."

Nilimwona kaka akishtuka kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa amemdanganyia mkewe, yeye ambaye hadanganyi, na mkewe amekataa. Lakini Mwalimu aliweka kanvasi juu ya stendi, akatoa kisu chembamba cha rangi mfukoni, akampa Mawingu.

"Kwangua chini pote. Jua bado lipo. Usinichoree shamba zima, nichoree ile njia tu. Mwenyewe. Nazungukia wenzako, nikirudi nataka kuiona njia."

Nafasi imerudi! Mawingu alikwangua vilima vyote vitatu, vikatoka vimeviringika kwenye kisu, akavifuta kwenye majani. Pakabaki kitambaa chenye madoa ya kijivu, na juu yake lile anga zuri. Akachanganya udongo wake: nyekundu, kahawia, tone la buluu. Ulikuwa wenyewe hasa, naapa. Akainua brashi kuelekea mahali pa jiwe.

"Usianzie katikati," Vilima akasema nyuma ya bega lake.

Mkono ukasimama.

"Njia huanzia chini. Ukianzia katikati itakupotea."

"Kaka," nikasema, "njoo tukaoshe brashi kijitoni."

"Baadaye."

"Njoo sasa hivi!" Nikamshika mkono wa shati, nikamburuta. Alinifuata hatua chache, shingo imegeukia nyuma, kisha akajinasua. Nikamwambia mwache, kaka, mwache leo tu. Akanijibu kwa uchungu wa kweli, machozi yanamlengalenga: "Nimtazame tu huku anapotea? Hii ni nafasi yake, Misumari. Yeye hajui chini. Akishindwa nitajisamehe vipi?"

Mtu wa namna hiyo utampiga wapi? Angekuwa mkorofi ningempasua na stendi.

Akarudi begani kwake. Mawingu alikuwa ameanzia chini.

"Vizuri. Sasa panda moja kwa moja. Usitetemeke. Pana huku, nyembamba kule. Ongeza nyeupe, njia iliyokoza rangi inafunga picha. Ongeza tena. Hapo. Hapo hapo, mke wangu, safi sana!"

Alikuwa anamnong'oneza kwa mapenzi, wala hakuigusa brashi. Na mkono wa wifi yangu ulikuwa unafuata kila neno. Mgongo wake niliuona unajikunja kidogo kidogo, mabega yanasogea masikioni. Mara mbili aliacha kuchora kabisa. Mara mbili nikasema kimoyomoyo: sasa, mwambie, mwambie anyamaze! Lakini hakuwahi kumwambia mtu anyamaze maisha yake yote, na neno hilo haliji kwa kuwa unalihitaji. Akachovya tena nyeupe.

Mwalimu aliporudi, njia ilikuwa imekwisha. Imenyooka, nyeupe, safi, ingeweza kuning'inia kwenye hoteli yoyote. Jiwe halipo. Kona haipo.

"Nani amechora?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," Mawingu akasema, na ilikuwa kweli.

"Ni kweli, nilikuwa nakutazama kutoka kule. Brashi hukumpa mtu." Mwalimu alivua kofia, akaonekana amechoka. "Lakini dada yangu, tangu nilipoondoka hukuiangalia ile njia hata mara moja."

Mawingu akageuka, akaitazama. Ilikuwa pale pale, nyekundu, inashuka, inapinda kwenye jiwe. Jua lilikuwa limeanza kuiacha.

Darasa akapewa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuchora nyuma ya malori. Picha yake nilikwenda kuiona kwa hasira, nipate cha kusema. Ilikuwa mbaya, haki ya nani, anga kama ukuta wa choo. Lakini kibanda kilikuwa kile kile, na kilikuwa kimeegemea upande ule ule. Sikupata cha kusema.

Bosi alitukuta tumekaa juu ya mizigo. Aliitazama ile kanvasi, akasema ongezeni vilima vitatu na miti, inauzika. Akairusha nyuma kwenye pikapu juu ya mbao zake. Tukapanda huko nyuma sisi watatu, tukakaa tumebanana, Mawingu katikati.

Pikapu ikaingia barabarani. Kisha Vilima akaanza kumliwaza, kama kawaida yake.

"Usijali, mke wangu. Wale hawajui kazi. Njia ile ilitoka vizuri kabisa, hakuna mahali ulipokosea."

"Ndiyo," Mawingu akasema. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ameulaza pajani kama kitu cha mtu mwingine. "Nilitaka nikosee."

"Nini?"

"Nilitaka nikosee mwenyewe."

Vilima alinitazama mimi, kama aliyetaka nimtafsirie. "Ukosee ili iweje?" akauliza, na wallahi hakuwa anamkejeli. Alikuwa hajui. Aliwaza, akawaza, uso umemkunjamana kwa huruma, kisha akafanya lile analolijua. Akavua koti lake, akamfunika mkewe magoti, akalipenyeza pembeni kote lisipeperuke.

Hakukuwa na baridi. Joto la mchana lilikuwa bado halijapungua, na tayari jasho lilikuwa linamtoka Mawingu juu ya mdomo.

"Kaka, mwondolee hilo koti," nikasema.

"Atapigwa na upepo."

"Mwulize kwanza! Mwulize mara moja tu kama anasikia baridi!"

Vilima akafungua mdomo amwulize, nawaapia aliufungua. Lakini Mawingu alikwisha weka mkono juu ya koti, kulishikilia.

"Acha tu, wifi," akasema.